Nimeaga naenda kusoma Dar es Salaam, lakini sina chuo

BARUA

Yaya, mkubwa wangu, pokea salamu zangu.

Nina miaka 27. Naishi Katuba, hapa Lubumbashi, pamoja na mama, wadogo zangu watatu na mtoto wa marehemu dada yetu. Baba alifariki miaka sita iliyopita. Alifanya kazi kwenye shaba miaka 22, sehemu kubwa zamu ya usiku.

Nilipomaliza lisansi, yaani shahada ya chuo kikuu, ya biashara nilikaa nyumbani miaka miwili nikipeleka barua za kuomba kazi mjini. Hakuna aliyenijibu. Mwaka jana nikapata kazi kwa njia ya intaneti, kwenye duka la Ubelgiji linalouza vitambaa na nyuzi. Kazi yangu ni kujibu barua za wateja kwa Kifaransa: huyu kifurushi chake kimechelewa, yule rangi si ile aliyoiona, mwingine anataka arudishiwe pesa. Nafanya siku tano kwa wiki, wananilipa dola 380 kwa mwezi. Unga, karo za wadogo zangu, dawa za presha za mama, vyote vinatoka hapo.

Lakini nyumbani hakuna anayeiita kazi. Wanaiita "ile simu yake". Nikiwa nimekaa mbele ya kompyuta naambiwa nikachote maji, nimpeleke mtoto kwenye sindano, niende kwenye kilio mtaa wa pili kwa sababu "wewe si uko tu". Umeme ukikatika nakimbilia kwa jirani mwenye batri, nalipia kuchaji, na nikirudi naulizwa nimezurura wapi.

Mwezi wa tano bosi aliitisha mkutano wa video. Nilikuwa nimejipanga vizuri: simu nimeiegemeza dirishani ipate mtandao, nyuma yangu nimetundika shuka jeupe lifiche ukuta uliobanduka rangi. Zamu yangu ya kusema ilipofika, uani mama akaanza kutwanga sombe, majani ya mihogo. Twi, twi, twi. Bosi akauliza kama kuna watu wanajenga. Nikasema ndiyo, wanajenga. Mara mlango ukafunguliwa, mama amesimama na mchi mkononi, ananiambia niache kucheza nikapokezane naye. Watu wote wanane walimwona. Nilizima kamera, nikalia, kisha nikaenda kutwanga.

Rafiki yangu wa utotoni yuko Dar es Salaam, anasoma shahada ya pili pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Amepanga chumba Sinza na ameniita tuchangie kodi. Ananitumia video za bahari, za mtandao unaokimbia, za watu wanaofanya kazi na kompyuta zao bila kuulizwa. Bosi amesema hana shida nikikaa popote, mradi barua zijibiwe.

Nilipomwambia mama nataka kuhamia Dar na kazi hii hii, alisema: "Kazi gani hiyo inayofanyiwa kitandani hapa, uende ukaifanyie kitandani kule?" Akakataa kabisa. Baada ya wiki mbili nikamwambia nimepata nafasi ya kusoma chuo kikuu. Yaya, nyumba nzima ilibadilika. Mama alipiga vigelegele. Kanisani waliniombea mbele ya watu. Mjomba, ambaye ni shoferi wa lori la shaba, alinipa dola 400 za masomo na kusema: "Nikishusha mzigo bandarini nitakuja kukusalimia hukohuko chuoni."

Natakiwa kuondoka mwezi wa tisa. Chuo sina, wala sijaomba. Usiku silali. Nikisema kweli, safari imekufa. Nikinyamaza, naondoka na pesa za mjomba na maombi ya kanisa kwa jambo lisilokuwepo. Nifanyeje?

Nyuma ya shuka jeupe, Katuba

JIBU

Mdogo wangu,

Rudisha kwanza zile dola 400. Hilo ni la wiki hii, kabla ya mama, kabla ya bosi, kabla ya Dar. Ikiwa umezigusa, mpelekee mjomba zilizobaki na utaje siku utakayomaliza.

Naanza na hilo kwa sababu mbili. Ya kwanza unaijua, ndiyo inayokunyima usingizi. Ya pili ni kwamba katika ukoo wako wote, mtu uliyemdanganya ndiye anayeijua Dar kuliko wengine. Kutoka Lubumbashi hadi bandari ile ni karibu kilomita 2,000: Kasumbalesa, Zambia nzima mpaka Nakonde, unavuka Tunduma, Mbeya, Iringa, Morogoro. Mjomba wako anaijua njia hiyo kwa mashimo yake na kwa foleni zake za mpakani. Pesa aliyokupa ameilalia chini ya lori. Na akisema atakuja kukusalimia chuoni, atakuja kweli. Atafika getini Mlimani, ataulizia ukumbi wa Nkrumah Hall kama watu wote wanavyoulizia, atakupigia simu akiwa amesimama pale na zawadi ya mihogo aliyoinunua njiani. Utamwambia nini? Kwamba leo hakuna masomo? Na safari ijayo? Na mama akianza kuhesabu miaka, akaanza kuweka akiba ya kitenge cha sherehe ya kuhitimu?

Mwambie uso kwa uso, siyo kwenye simu. Msubiri arudi, aoge, ale bukari yake, kisha kaa naye. Huhitaji maneno mengi: "Mjomba, nilisema naenda kusoma kwa sababu niliona kazi yangu haiheshimiwi. Si kweli. Pesa yako hii hapa. Kazi yangu ni ya kweli, na naomba unisaidie kumweleza mama." Atakasirika, na ana haki. Lakini fikiria yeye mwenyewe anaishi vipi: analipwa kwa kazi inayofanyika mbali na macho ya mwajiri, njiani, peke yake, siku nyingi mfululizo. Katika jamaa zako wote sioni atakayekuelewa haraka kama yeye.

Sasa mama. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nasimama palepale: baba alifanya zamu ya usiku. Mdogo wangu, nani alikuwa akiwanyamazisha ninyi watoto mchana, baba akiwa amelala? Nani alihamishia kinu nyuma ya nyumba, nani aliwaambia wageni warudi jioni? Nimekulia kwenye kambi ya wafanyakazi, najua nyumba hizo. Mwanamke aliyeolewa na mtu wa zamu ya usiku anajua kulinda kazi ya mtu kuliko msimamizi yeyote. Mama yako huo ujuzi anao. Hajautumia kwako kwa sababu hajaiona kazi yenyewe.

Katika mji wetu neno "kazi" lina sura yake. Ni king'ora cha asubuhi, geti, nambari ya mfanyakazi, posho ya unga mwisho wa mwezi. Wazee wetu waliingia kwenye shaba tangu kampuni ya kwanza kubwa ilipoanzishwa mwaka 1906, na hata baada ya maelfu ya wafanyakazi kuacha kazi kwa hiari mwaka 2003, kipimo kilibaki kilekile: kazi ina mahali pake, na mtu huonekana akienda na akirudi. Wewe huendi, hurudi. Mama anakuona umekaa kitandani, basi anakuita ukatwange. Sioni dharau hapo.

Na wewe umeificha. Ulimwambia bosi kwamba kinu ni ujenzi, ukamwambia mama kwamba bahari ni chuo. Pande zote mbili umeona haya, wakati hakuna hata upande mmoja wenye aibu. Sombe ni chakula, na kujibu barua za wateja ni kazi.

Kwa hiyo mwonyeshe. Chagua siku ambayo umeme upo, mkalishe mama kando yako kwa saa moja nzima. Msomee barua moja kwa Kiswahili: huyu mama wa Ubelgiji alinunua kitambaa cha kushona gauni la ubatizo, kimefika kimekosewa rangi, ubatizo ni Jumapili. Muulize mama yako angemjibu nini. Kisha mwonyeshe unavyojibu. Mwonyeshe barua ngapi zimeingia tangu asubuhi. Siku ya mshahara, usimpe tu pesa ya unga. Mwambie "mshahara umeingia", kwa neno hilohilo alilokuwa akilisema baba.

Saa zako ziite zamu. "Mama, zamu yangu inaanza saa tatu, inaisha saa kumi na moja, kuanzia mwisho wa Oktoba inasogea saa moja mbele, kwa sababu wenzetu wa Ubelgiji wanarudisha saa zao nyuma." Mtu aliyepangiwa maisha na zamu kwa miaka 22 atakuelewa mara moja. Lile shuka jeupe litundike nje, mlangoni: likiwa limeshuka, uko kazini, asiingie mtu ila nyumba ikiungua. Maji yachotwe kabla ya zamu, na wadogo zako watatu wana mikono. Kuhusu vilio, kubalianeni mapema. Wa ukoo, unaomba ruhusa na unakwenda. Wa mtaa wa pili, unakwenda jioni zamu ikiisha na unakaa na wafiwa mpaka usiku, kama wanaume wa shaba walivyokuwa wakifanya. Hakuna aliyewahi kusema kwamba hawakulia.

Huenda haya yote yakafanyika na bado ukataka kuondoka. Ni haki yako pia. Una miaka 27, unalisha watu watano, kutamani mlango unaofungwa kwa ufunguo wako mwenyewe si dhambi. Basi tuzungumze Dar kama ilivyo. Niliishi kule miezi minne, karibu na Mwenge, na niliipenda sana.

Saa za Dar ziko saa moja mbele ya zetu. Wakati wa baridi ya Ulaya utaanza kazi saa tano asubuhi na kumaliza saa moja usiku, giza limeshaingia. Kwa hiyo ile bahari ya kwenye video za jioni hutaiona siku za kazi. Utaiona asubuhi, nayo ndiyo nzuri zaidi: jua linatoka majini, kwenye soko la samaki la Feri pale Kivukoni wavuvi wanamwaga samaki mezani na wapiga mnada wanaita bei, wewe una saa nne nzima kabla ya barua ya kwanza. Asubuhi hizo ndizo ninazozikumbuka mpaka leo. Lakini pia nakumbuka joto. Sisi ni watu wa nyanda za juu, mwezi wa saba tunavaa makoti. Kule utakaa chumbani adhuhuri shati limegandia mgongoni na kompyuta inapuliza kama mgonjwa wa pumu. Feni si anasa, iweke kwenye hesabu.

Kuhusu chumba, mwulize rafiki yako kodi imelipwa mpaka lini. Kule wenye nyumba wengi wanataka miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima, na dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja juu yake. Ukifika wakati wa kulipa upya, utatoa pesa nyingi kwa siku moja. Kisha muulize swali gumu zaidi: analala saa ngapi, anasoma wapi wakati wa mitihani? Wewe utakuwa na barua za wateja, yeye yuko na tasnifu yake, chumba ni kimoja. Na mitaa ile ya kuzunguka chuo ina jambo moja ambalo hakuna aliyeniambia. Kila mtu wa umri wako asubuhi anatoka na mkoba kwenda kusoma. Wewe utabaki ndani. Haitapita wiki mbili mama mwenye nyumba atauliza, kwa upole kabisa: "Dada, mbona unashinda ndani tu, husomi?" Ni swali lilelile la mama yako, kwa Kiswahili cha pwani. Usipojifunza kulijibu Katuba, litakusubiri Sinza.

Mtandao kule ni mzuri kuliko wetu, sitakudanganya. Nyaya kubwa za baharini zinaingilia pwani ile. Lakini tarehe 12 Mei 2024 mbili kati ya nyaya hizo zilikatika baharini na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa siku kadhaa nchi nzima. Na sisi tusisahau kwetu: tangu tarehe 31 Desemba 2018, baada ya kupiga kura, Kongo ilikaa karibu wiki tatu bila intaneti. Popote utakapokaa, bosi wako ajue mapema utafanyaje siku ya namna hiyo, na wewe uwe na akiba ya mwezi mmoja ambayo hakuna anayeijua ila mama.

Karatasi ndiyo sehemu ninayokuomba usiichukulie juu juu. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na wengi wetu tunadhani basi mambo yote yamefunguka. Kuingia kutembea ni jambo moja, kuishi na kufanya kazi ni jingine. Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2015 kuhusu ajira za wasio raia, na vibali vya ukaazi vina madaraja: A ya wawekezaji, B ya walioajiriwa, C ya wengineo, wakiwamo wanafunzi. Wewe umeajiriwa, lakini si na mtu wa Tanzania. Hali yako ipeleke uhamiaji wenyewe, kwa maandishi, usijibiwe na rafiki wala na mtu wa mtandaoni. Na usijaribu kupita mpakani kwa hadithi ya uanafunzi. Afisa wa Tunduma ataomba barua ya chuo, tena hana undugu wa kukusamehe.

Bosi naye aandike. "Sina shida" ya mdomoni haitoshi. Atakulipa vipi ukiwa nchi nyingine, kwa njia gani, na nani anabeba gharama ya kutuma?

Ushauri wangu: mwezi wa tisa uuache. Omba likizo ya wiki mbili, nenda Dar kama mgeni, kompyuta iache nyumbani. Lala kwenye chumba hicho cha Sinza wakati rafiki yako ana masomo. Panda daladala hadi baharini uone ni muda gani. Nenda uhamiaji na maswali yako. Ongea na watu. Watakutambua kuwa Mkongo kabla hujamaliza sentensi, na watakufurahia. Ukiagiza bukari hawatakuelewa, sema ugali. Sombe kwao ni kisamvu, mega wanaziita bando. Ukirudi, kaa na mama na mjomba, weka hesabu mezani, kisha amua. Hesabu hiyo iwe na mstari mwingine pembeni: bei ya batri na paneli ya jua hapo Katuba, na bei ya chumba kidogo cha kupanga mtaa wa jirani, chenye ufunguo. Mimi nadhani miezi sita ya chumba kama hicho inaweza kukupa nusu ya unachokitafuta Dar. Nusu nyingine ni bahari, na hiyo hatuna.

Swali moja la mwisho, nalo uliulize ukiwa peke yako. Ulipotafuta uongo, kwa nini ulichagua chuo? Ulikuwa na mingine mingi. Ikiwa ndani yake kuna hamu ya kweli, basi iombee nafasi kwa njia ya kweli. Masomo mengi ya Mlimani ni kwa Kiingereza, na wewe umesoma kwa Kifaransa. Lakini pale kuna Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, ambako wanafundisha kwa lugha hii tunayoandikiana. Muulize rafiki yako akuletee fomu. Hapo mjomba akikupa tena dola 400 utazipokea kwa mikono miwili.

Kwa safari hiyo ya wiki mbili, anza na chanjo ya homa ya manjano kama huna. Cheti chake huhesabika baada ya siku 10 tangu kuchomwa, na sisi watokao Kongo wanatuomba ile kadi ya njano kabla hawajatazama hata pasipoti.

Yaya wako